Baada ya Siku Nyeupe: Tahadhari ya Simba Wakati wa Mavuno



Mavuno yanapokaribia, familia nyingi za Milola na vijiji jirani vya Lindi huhamia shambani. Mahindi yakikomaa, nguruwe pori huja usiku, na kundi moja likiingia huweza kuteketeza kazi ya miezi kadhaa kabla ya alfajiri. Baba hujenga dungu, mama na watoto wakamfuata, na wote hulala huko mpaka mazao yaingie ghalani. Hatuwezi kumlaumu anayelinda riziki ya wanawe. Hata hivyo, ulinzi huo una hatari ambayo mkoa wetu unaijua kuliko mikoa mingi, nayo ni simba.

Mwaka 2005 watafiti walichapisha hesabu ya mashambulio ya simba nchini Tanzania. Tangu mwaka 1990, watu wasiopungua 563 walikuwa wameuawa na wasiopungua 308 wamejeruhiwa. Wilaya za kusini mashariki, zikiwemo Rufiji na Lindi, zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, na mashambulio yalizidi katika miezi ya mavuno, Machi hadi Mei. Sababu yake inaeleweka. Pale ambapo wanyama wengine wa mawindo wamepungua, simba humtegemea nguruwe pori. Nguruwe hufuata mahindi, simba humfuata nguruwe, na katikati yao amelala mwanadamu katika kibanda cha nyasi kisicho na mlango.

Sisi Waislamu hatumli nguruwe, na kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa kitoweo. Lakini kumzuia asiingie shambani ni jambo jingine kabisa. Mtaro mrefu kwenda chini uliochimbwa kuzunguka mashamba yanayopakana, kwa nguvu za majirani wote, humpunguza nguruwe na humwondolea simba sababu ya kufika. Mtu mmoja hauwezi mtaro huo, bali kitongoji kinauweza.

Lipo jambo la pili, nalo linatuhusu sisi tunaohesabu siku kwa mwezi mwandamo. Watafiti walioyachunguza mashambulio ya nchini kwetu walieleza mwaka 2011 kwamba simba ni wa kuogopwa zaidi pale mwezi unapokuwa hafifu au haujachomoza. Kwa kuwa watu huwa bado nje kati ya magharibi na saa nne za usiku, mashambulio mengi hutokea katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Wanaofunga siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, wanaujua mwanga wa nyakati hizo. Basi na wajue pia kwamba kuanzia tarehe 16 au 17 kiza huanza kutanda baada ya magharibi, na simba aliyenyimwa mawindo na mbalamwezi huwa ana njaa. Kalenda iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya ibada inaweza pia kuokoa roho.

Kutokana na hayo, tunazinasihi familia na kamati za misikiti. Katika usiku huo wa kiza, darasa la madrasa lililowekwa baina ya magharibi na isha lihamishiwe baada ya alasiri, ili watoto wawe nyumbani kabla jua halijazama. Waendao isha waende kwa kundi, wakiwa na tochi na wakizungumza kwa sauti. Na pale simba anapojulikana kuwa karibu, mwenye kuhofia nafsi yake na aswali nyumbani, kwani hofu ni udhuru unaokubalika wa kuikosa jamaa. Mtoto asitoke peke yake kwenda chooni usiku. Dungu liinuliwe juu ya nguzo imara, liwe na kuta na mlango wa kufungwa kwa ndani, na watoto wadogo walale kijijini.

Na ukikutana naye ana kwa ana? Usikimbie, maana anayekimbia huonekana windo. Usichuchumae wala usimpe mgongo. Mnyanyue mtoto, simama wima, inua mikono, kanga au jembe ili uonekane mkubwa, na upige kelele kwa sauti nzito. Rudi kinyumenyume polepole, ukimwachia njia ya kuondokea. Akikurukia, pigana kwa chochote ulichonacho na ulinde shingo yako. Simba aliyejeruhiwa asifuatwe kichakani. Mwenyekiti wa kijiji na ofisa wanyamapori waarifiwe mara moja, hata kama ni nyayo tu zilizoonekana. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka pia kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa na kwa majeruhi, na taarifa ya mapema hurahisisha kukipata.

Mwisho, tujiepushe na maneno ya simba wa kutumwa. Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe nchini Msumbiji, simba waliua watu mwaka 2002 na 2003. Wanakijiji wakawashuku wenzao kwa uchawi, na baadhi ya walioshukiwa wakauawa na majirani zao. Msiba wa mnyama ukazaa dhulma ya mwanadamu, na ushahidi wake ulikuwa uvumi. Muislamu hana ruhusa ya kumtuhumu mwenziwe kwa dhana, sembuse kumwaga damu yake.

Wapo watakaosema kwamba ajali haina kinga na ajali ya mtu imekwisha kuandikwa. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, nasi hatuipunguzi. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia. Anayefunga mlango wa dungu na kumzuia mwanawe kutoka gizani ametimiza wajibu wake, na yaliyobaki ameyakabidhi kwa Mola wake.

Ndugu msomaji, fungua kalenda leo, uitie alama tarehe 16 ya mwezi huu, kisha ukae na watu wa nyumba yako mpange nani atalala wapi. Allah atuhifadhie watoto wetu na mazao yetu. Wabillahi tawfiiq.