Kabla ya kununua mashine ya michezo, uliza bei ya usingizi wa mtoto

Likizo ya Desemba inapokaribia, maduka ya vifaa vya umeme katika barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, hujaa wazazi wanaotafuta zawadi za watoto. Wengi huulizia mashine mpya za michezo ya video na zile za kuchezea diski. Swali lao la kwanza huwa ni bei. La pili huwa ni kama picha ni safi. Mimi ni daktari, si fundi wala mfanyabiashara, lakini nina swali la tatu ambalo naona halina budi kuulizwa kabla pesa hazijatoka mfukoni: je, mashine hii inaweza kumwondoa mtoto mchezoni saa yake ya kulala inapofika?

Nitakueleza sababu ya swali hilo. Baba mmoja aliniletea mwanawe wa umri wa miaka 12, mwanafunzi wa Gredi ya 6. Kijana alikuwa akilalamika kuumwa na kichwa karibu kila siku. Mwalimu alikuwa ameandika barua kwamba analala darasani, na mama yake alisema amekuwa mkali bila sababu. Baba alikuwa na hofu kwamba kuna uvimbe ndani ya ubongo, na alikuwa tayari kukopa pesa ili kichwa cha mtoto kipigwe picha.

Nilimpima kijana kikamilifu. Macho, shinikizo la damu, shingo, nguvu za mikono na miguu, vyote vilikuwa sawa. Ndipo nikamwomba baba atoke nje kidogo, nikamwuliza kijana analala saa ngapi. Alinyamaza, kisha akasema, “Saa nane, daktari. Siku nyingine saa tisa.” Mashine ya michezo ilikuwa chumbani mwake, na sauti aliizima ili wazazi wasisikie.

Baba aliporudi na kuelezwa, alikaa kimya kwa muda. “Daktari,” akasema, “ile mashine nilitoa karibu Sh100,000. Niliinunua ili asizurure mtaani.”

Sikumlaumu, na hata wewe usimlaumu. Mzazi wa mjini ambaye hana uwanja karibu na nyumba, na ambaye hurudi kutoka kazini usiku, hutafuta kitu cha kumweka mtoto nyumbani. Kosa lake lilikuwa moja tu. Aliambiwa kila kitu kuhusu mashine hiyo isipokuwa lile jambo alilohitaji zaidi kulijua.

Bei na kilichomo

Hebu tuzitazame bei hizo, kwani ni mzigo mkubwa. PlayStation 5 ilipoanza kuuzwa mnamo Novemba 2020, bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 499 ikiwa na sehemu ya kutia diski, na dola 399 isipokuwa nayo. Kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola, hizo ni karibu Sh64,000 na Sh51,000. Xbox Series X nayo ilianza kwa dola 499, na ndugu yake mdogo, Series S, ambaye hatii diski kabisa, kwa dola 299. Mnamo Novemba 2024 ilikuja PlayStation 5 Pro kwa dola 699, na kwa bei hiyo yote haina sehemu ya diski. Anayeitaka huinunua kando kwa takriban dola 80. Nintendo Switch 2, ambayo hutumia kadi ndogo badala ya diski, ilianza kuuzwa Juni 2025 kwa dola 449.99. Hizo ni bei za huko. Ushuru, usafirishaji na faida ya muuzaji wa hapa havijaongezwa.

Zamani tulizoea kwamba mashine ikikaa miaka kadhaa bei hushuka. Safari hii mambo yamegeuka: mwaka 2025 kampuni zote tatu, Sony, Microsoft na Nintendo, zilipandisha bei za mashine zao za awali nchini Marekani.

Mzazi mwenye kipato cha kawaida aangalie sana jambo hili la diski. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilicheza hata diski za muziki. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilicheza DVD, na familia nyingi ziliinunua kwa kuwa zilipata mashine mbili katika moja. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski bado hucheza filamu za DVD na Blu-ray, ingawa diski za muziki haichezi tena. Lakini mashine isiyotia diski kabisa humlazimu mtoto kupata kila mchezo kupitia intaneti. Hawezi kuazima kwa jirani, hawezi kubadilishana na mwenzake, wala hawezi kuuza mchezo aliouchoka. Michezo mingi mipya huuzwa dola 70, yaani karibu Sh9,000 kila mmoja. Kwa hivyo mashine ya bei nafuu huenda ikawa ghali zaidi kabla mwaka haujaisha.

Isitoshe, diski ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Unaweza kuishika mkononi, ukasoma umri ulioandikwa kwenye kasha, na ukaifungia kabatini usiku.

Kisichotajwa dukani

Sasa turudi kwa swali langu. Mashine zote tatu nilizozitaja zina njia ya mzazi kuweka mipaka. Mzazi anaweza kuamua mtoto acheze saa ngapi kwa siku, mwisho uwe saa ngapi usiku, michezo ya umri gani ifunguke, na hata kuzuia mtoto asitumie pesa kununua vitu mchezoni. Kazi hiyo hufanywa katika mashine yenyewe au kwa simu ya mzazi, na haina malipo ya ziada. Yule baba alikuwa na kifaa hicho nyumbani miezi minne bila kujua. Tuliihamisha mashine hadi sebuleni, tukaweka kikomo cha saa moja siku za shule na mwisho saa mbili za usiku. Hakuna dawa niliyoandika. Baada ya wiki nne maumivu ya kichwa yalikuwa yamekwisha, na mwalimu hakuandika barua nyingine.

Tafadhali usinielewe vibaya. Si kila kichwa kinachouma ni cha mchezo. Mtoto anayeamka na maumivu na kutapika, anayeona vitu viwili viwili, anayepepesuka au anayepoteza fahamu, apelekwe hospitalini bila kukawia. Lakini mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Akikosa saa hizo usiku baada ya usiku, kichwa kitauma, hasira zitapanda na masomo yatadorora, hata kama hana ugonjwa wowote.

Kuna wanaodai kwamba dawa ni kupiga marufuku michezo hii. Mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyenyimwa nyumbani huifuata katika vibanda vya mitaani, ambako hakuna mtu wa kumwambia saa zimefika. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Hata hivyo, ugonjwa huo ni wa yule ambaye ameshindwa kujizuia, ameweka mchezo mbele ya kila kitu na anaendelea ingawa anaumia, na kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu angalau miezi 12. Wachezaji walio wengi hawajafika huko. Wengi wana shida ndogo inayoweza kuondolewa na mzazi, mradi aianze mapema.

Mambo mawili ya hatari

Kwanza, kuna watu wachache ambao mwanga unaomemeteka haraka huwaletea kifafa. Mnamo Desemba 16, 1997, katuni moja iliyoonyeshwa kwenye televisheni nchini Japani ilifanya zaidi ya watoto 600 wapelekwe hospitalini. Onyo hili huchapishwa katika vitabu vya maelekezo vya mashine hizi, lakini nani husoma? Mtoto akipatwa na kifafa mbele ya skrini, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha umpeleke kwa daktari. Tusisingizie mapepo.

Pili, mashine nyingi ndogo za DVD huja na rimoti nyembamba yenye betri bapa kama kifungo cha shati. Betri hiyo ikimezwa na mtoto mchanga na kukwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata kama mtoto haonyeshi dalili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye mashine ya eksirei na useme wazi kwamba unashuku betri. Ukiwa na mtoto mdogo nyumbani, chagua rimoti ambayo kifuniko chake kimekazwa kwa skrubu.

Rai yangu

Kwako wewe muuzaji, nakuomba jambo moja. Unapompimia mteja mashine dukani, usimwonyeshe picha tu. Mwekee mipaka ya mtoto kabla hujaifunga katika sanduku. Ni kazi ya dakika chache, na mteja huyo atarudi.

Nawe mzazi, usilipe kabla hujaonyeshwa. Ukifika nyumbani, mashine ikae sebuleni, chumba kiwe na taa, na mtoto apumzike dakika 15 kila baada ya saa moja, kama vile Sony wenyewe wanavyoshauri. Kila siku awe na angalau saa moja ya kukimbia na kucheza nje, kwani mwili wake unaihitaji, na macho yanayoona jua hukingwa na tatizo la kutoona mbali.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mashine ya Sh100,000 ikiharibika, fundi atapatikana. Miaka ya kukua ya mtoto aliyekosa usingizi haina duka la kuiuza.