Gauni la nne au begi la mgongoni?



Fungate kwetu ni siku saba za kukaa ndani. Bi harusi yuko chumbani na bwana wake, somo yuko karibu anapokea vyakula, na nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Wengi katika bibi zetu waliolewa na watu wasiowajua, na siku saba zile ndizo walizopewa wazoeane bila mtu kuwagongea mlango. Ugomvi wangu ni na hii fungate ya sasa: siku mbili za hoteli ya ufukweni, picha mia tatu, halafu kila mtu arudi kazini na deni lake. Siku za kuzoeana zimekwenda wapi? Mie naona njia nyepesi ya kuzirudisha ni kuwapa maharusi begi moja la mgongoni na tiketi ya boti, wende wakazunguke visiwa.

Najua wapo mama zangu watakaonuna. Wasubiri kidogo.

Nashona nguo za harusi, kwa hivyo haya ninayoyasema yananipunguzia riziki mwenyewe. Bi harusi wa leo ananiletea kitambaa cha hina, cha ndoa, cha kupambwa, na cha nne cha ukumbini, ambacho atakivaa masaa mawili. Hilo la nne ndilo zito kuliko yote, limejaa shanga na mkia mrefu, na ndilo ninaloletewa baada ya miezi mitatu niulizwe kama nina mteja wa kulinunua. Safari yetu ya siku kumi na tisa, mimi na mume wangu, na boti zake, mabasi, nyumba za wageni na chakula, haikufika bei ya gauni la nne pamoja na mapambo ya ukumbi wa harusi moja niliyoishonea mwaka huu.

Wageni wanalifanya hili kila siku mbele ya macho yetu. Mke na mume wanashuka bandarini Malindi, kila mmoja na begi lake mgongoni, wanapanda daladala hadi Nungwi, na sisi tunacheka kwamba hawana pesa. Wakirudi kwao wanaijua Chole na Kilwa Kisiwani, na sisi tuliozaliwa hapa hatujafika hata Tumbatu.

Sisi tulianzia Pemba. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na Pemba ni wa kina kirefu, na siku ya upepo hauna adabu. Mume wangu ni mtu wa kujisifu kidogo, Mungu amhifadhi, lakini kabla hatujafika Mkoani alikuwa amelala miguuni pangu na mfuko wa plastiki mkononi, ananiuliza kama tunakufa. Tulikuwa na miezi minne ya ndoa. Katika miezi minne ile sikuwahi kumwona akihitaji kitu kwangu zaidi ya chai.

Kutoka huko tukarudi tukavuka Dar es Salaam, tukashuka hadi Nyamisati kupanda boti ya Mafia. Kilindoni ndiko wanakokwenda watu kuwatazama papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Yeye alijirusha majini, mie nikabaki botini na mtandio wangu nikimwona yule samaki mkubwa kama basi anapita chini yetu taratibu. Kisha Utende, na mashua ndogo ya kuvukia Chole, ambako popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe.

Kilwa ndiko tulikogombana. Yeye ndiye aliyeshika pesa, akamlipa mwenye mashua bila kuuliza bei kwa mtu mwingine, nami nikasema nilichosema. Tulitembea ndani ya ule msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, chini ya makuba yake, bila kusemeshana. Mahali alipofika Ibn Battuta mwaka 1331 akausifu mji, mie nilikuwa nahesabu shilingi. (Na tusimsifu sana huyo bwana kwa mambo ya ndoa. Alipofika Maldives alioa wake kadhaa, akawapa talaka, akashika safari yake.) Lakini ugomvi wa njiani una kitu kimoja ambacho ugomvi wa nyumbani hauna: hakuna kwa mama pa kukimbilia. Begi ni moja, chumba ni kimoja, na basi la asubuhi haliwasubiri mpatane. Usiku ule tulikubaliana pesa nishike mie, na mpaka leo nashika mie.

Hapa ndipo ninapowajibu mama zangu. Wanavyuoni wetu, na Imamu Ghazali mmoja wao, wameeleza kwamba safari imeitwa hivyo kwa Kiarabu kwa kuwa inafunua tabia za watu. Na inasimuliwa kwamba Sayyidna Omar aliletewa mtu akimtolea mwenzake ushahidi wa wema, akamuuliza kama ni jirani yake, kama waliwahi kuuziana kwa pesa, kama waliwahi kusafiri pamoja. Yote matatu hapana. Akamwambia kuwa basi humjui.

Sasa wewe mchumba unayesoma hapa usinielewe vibaya, safari ya wawili ni baada ya nikaha, si kabla. Kabla ya nikaha fanya lile la Omar. Usiulize tu anasali na anafanya kazi gani. Tuma kaka yako amtafute mtu aliyesafiri naye, aliyekwenda naye Dar kununua mzigo, aliyelala naye chumba kimoja kwenye ziara ya skuli. Gari lilipoharibika alifanya nini? Pesa zilipokwisha alimtupia nani lawama? Majibu ya maswali hayo nayapenda kuliko mahari kubwa.

Utaniuliza, visiwa na Engaresero wapi na wapi? Mume wangu alitaka tumalizie Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauita mlima wa Mungu, na volkano yake bado ni hai. Basi tukapanda gari la abiria kutoka Arusha, tukapita Mto wa Mbu na Engaruka, sehemu kubwa ya njia ni vumbi tupu, hadi kijiji hiki kilicho kusini mwa Ziwa Natron, wilaya ya Ngorongoro. Mtoto wa pwani hapa anakoma. Joto la mchana linakuingia hata ukiwa kivulini, upepo wa mchana unabeba mchanga, na bahari haipo. Kipo kijito cha maji baridi kinachotoka korongoni kwenye maporomoko, na ili uyafikie unatembea ndani ya maji yenyewe, umeshikana mkono na mwenzako kwa sababu mawe yanateleza.

Karibu na ziwa kuna nyayo za watu wa kale. Zaidi ya 400, zimekanyagwa kwenye majivu mabichi ya volkano yakakauka yakawa jiwe, na wataalamu wanazikadiria kuwa na umri wa miaka kati ya 5,000 na 19,000. Kundi moja ni la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, na kwa vipimo vya nyayo wataalamu wanaona 14 kati yao yaelekea walikuwa wanawake watu wazima. Nilisimama pale muda mrefu. Tunaambiwa mwanamke na safari haviendani!

Huko uwandani tulibaki na maji ya kunywa tu, na adhuhuri ikaingia. Tukatayamamu. Kibla cha Engaresero kiko kaskazini, ukisimama kusali ziwa liko mbele yako na mlima uko mgongoni. Tukapunguza na kukusanya, kama dini inavyomruhusu msafiri. Na tayamamu yenyewe imetoka wapi? Imetoka safarini, kwa ajili ya mke. Bibi Aisha alipoteza mkufu aliouazima, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam akausimamisha msafara mzima mahali pasipo na maji ili utafutwe. Watu wakalalamika, baba yake mwenyewe akamgombeza, na Mtume amelala juu ya paja lake. Ikashuka aya ya tayamamu, na ngamia alipoinuka mkufu ukaonekana chini yake. Kila mara mtu anaponiambia kusafiri na mke ni usumbufu, namkumbusha mkufu ule.

Safari ni taabu, hilo nalo limo katika hadithi, na mwenye kumaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Kwa hivyo siwadanganyi kwamba kila siku ni tamu.

Kuhusu nguo, kwa kuwa mtaniuliza tu. Acheni baibui za nida nyeusi zenye mawe, Engaresero zinakuwa rangi ya jivu kwa nusu saa. Chukueni rayoni au pamba, rangi ya udongo, pindo liishie juu ya kifundo, na suruali nyepesi ndani. Mwambie fundi wako aache mpasuo ubavuni na aushonee kipande cha pembe tatu kwa ndani, ndipo utapanda ngazi ya boti bila kushika nguo kwa mikono miwili. Mfuko wa zipu uwe ndani ya mshono wa ubavu, hapo ndipo pesa zinakaa. Jozi mbili za kanga zinatosha kuwa shuka, taulo na msala. Ukitembea ukingoni mwa Natron, suuza pindo kwa maji baridi siku hiyo hiyo, magadi yakikaukia kitambaa kinakuwa kigumu kama kadi.

Mdogo wangu anaolewa baada ya Ramadhani inshallah. Mama anataka ukumbi, na ameshaulizia mkopo wa kikundi. Baba amenyamaza, na baba akinyamaza huwa hataki. Nimeshamaliza magauni matatu, yamening'inia dukani. Kitambaa cha la nne nimekinunua mimi, na bei yake nimeipigia hesabu mbele ya mdogo wangu na mchumba wake pamoja na tiketi mbili za Pemba na mbili za Mafia. Mchumba alicheka akasema yeye bahari inamtapisha. Mdogo wangu ameomba nisikikate kitambaa mpaka Ijumaa.