Rhamu: Mwenye Duka Angeweza Kuruka Zakat, Mbona Anatoa?

Chukulia uko na kaduka Rhamu, kule Mandera, karibu na mto Daua na mpaka wa Ethiopia. Unauza unga, sukari na mafuta ya kupikia. Kodi ya nyumba inakungoja, leseni ya kaunti pia. Halafu mwaka wa Kiislamu ukizunguka, unatoa asilimia 2.5 juu ya hizo zote. Hakuna sheria ya Kenya inayokulazimisha. Sasa mbona unatoa?

Cheki hesabu kwanza. Tuseme bidhaa dukani ni za 300,000, cash 60,000, na madeni yenye utalipwa kwa uhakika ni 40,000. Jumla 400,000. Toa 80,000 unazodaiwa na hoselo, unabaki na 320,000. Zakat ni 8,000. Rafu, friji na pikipiki ya kubebea mzigo hazihesabiwi.

Hapa ndipo kuna uchaguzi. Kiwango cha chini cha kutoa zakat hupimwa kwa gramu 85 za dhahabu ama gramu 595 za fedha, yaani silva. Kwa vile dhahabu imepanda, mtaji wa laki tatu haufiki. Ukipima kwa silva, umepita. Kuna wanazuoni wanaokubali dhahabu, kwa hivyo mlango wa kuchomoka uko wazi. Lakini wengi wanashauri silva, juu inamfaidi maskini zaidi.

Na maskini wa Rhamu si stori ya TV. Mvua ilipokataa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, mifugo ilikufa. Mfugaji aliyepoteza mbuzi ndiye yule yule aliyeandikwa kwenye daftari lako la madeni. Unamjua, unajua na watoto wake.

Usidhani ni ujanja wa kujilipa, eti ukate jina lake daftarini useme hiyo ndiyo zakat. Wanazuoni wengi wamekataa hiyo. Unampa mkononi, iwe yake. Akinunua unga kwa jirani yako, sawa tu.

Dini inasema hiyo 8,000 haikuwa yako tangu mwanzo. Kwa muumini hiyo inatosha. Lakini pia mji mdogo hauna mahali pa kujificha: mteja akianguka, duka linafuata.

Wewe na biz yako, ungepima kwa dhahabu ama silva?