Lubumbashi: Giga zilizoandikwa kwenye katoni si nguvu ya mashini

Wauzishaji wa vifaa vya ordinateri mjini Lubumbashi wamezoea neno moja: giga. Kijana akiingia dukani na dola 100 zake, akiomba kitu kitakachofanya mashini yake icheze GTA V ao mpira bila kukwamakwama, jibu linatoka mbele hajamaliza kusema: « Mdogo, kamata hii. Iko na giga ine. » Katoni inatolewa. Juu yake kuko picha ya askari mwenye silaha, ao ya jitu lenye macho ya moto, na herufi kubwa: 4 GB. Feza zinahesabiwa, kijana anapanda taxi. Usiku, umeme ukirudi, anagundua kwamba mchezo unatembea kama mzee mgonjwa.

Jambo hili shurti liitwe kwa jina lake. Ni udanganyifu, na unawapata watu ambao dola 100 kwao ni kazi ya miezi mingi: kuuzisha yuniti za simu, kubeba mizigo sokoni, kufanya kopi za wanafunzi.

Tuanze na mashini yenyewe. Katuba, Kenya, Kamalondo ao Ruashi, kijana anayetaka kucheza hana njia ya kununua mashini mpya. Ananunua okazio, zile ordinateri zilizofanya kazi kwenye ofisi za ng'ambo, zikafika kwenye bandari ya Dar es Salaam, zikapanda Zambia hadi Kasumbalesa: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashini ngumu na hazina ubaya. Mara nyingi ndani yake kuko prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, memori ya giga 4 ao 8, na diski ya zamani inayozunguka. Kwa kuandika TFC inatosha kabisa. Kwa mchezo, kunapungua kadi grafiki, na hapo ndipo mtego umetegwa.

Kadi inayosukumwa mikononi mwa vijana wengi ni GeForce GT 730. Ilitoka mwaka 2014, na hata mwaka ule haikutengenezwa kwa michezo mikubwa. Ilikuwa ya kuonyesha picha kwenye kioo, basi. Giga zake 4 ziko kweli, hakuna anayekataa. Lakini kwenye nyingi ya kadi hizo ni memori ya DDR3, aina ya polepole. Mkaaji wa Lubumbashi aliyewahi kungojea maji ya Regideso anaweza kufahamu bila mwalimu: pipa la lita 200 lenye robine nyembamba kama kalamu halijazi beseni upesi kuliko pipa la lita 100 lenye robine pana.

Ushahidi umewekwa na watengenezaji wa michezo wenyewe. GTA V ilipotoka kwa ordinateri mwaka 2015, kampuni ya Rockstar ilishauri wachezaji wawe na GeForce GTX 660 ya giga 2. Ndiyo, giga 2, kadi ya mwaka 2012. Memori yake inapitisha giga 144 kwa sekunde moja. GT 730 ya DDR3, pamoja na giga zake 4, haipiti 30. Anayeuzisha hii ya pili kama kadi ya michezo, akitumia hesabu ya giga peke yake, ao hajui kazi yake ao anaijua sana. Kwa mpira ni vilevile: EA Sports FC 24 inaomba, kama kiasi cha chini kabisa, GTX 1050 Ti na memori ya giga 8 ndani ya mashini.

Haki inaomba kusema kwamba uchafu huu haukuanzia Lubumbashi. Mwaka 2017 kampuni ya Nvidia ilitoa GT 1030 yenye memori ya GDDR5, inayopitisha giga 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye memori ya DDR4, inayopitisha giga 17 hivi. Jina likabaki lilelile, GT 1030. Mtu anayenunua kwa jina anaweza kupata theluthi moja ya alichodhani. Ikiwa kampuni tajiri namna hiyo haikuona haya, mwenye duka dogo ataonea wapi?

Kisha kuko kadi za kugeuzwa, na hizi ni wizi wa wazi. Mtu anachukua kadi iliyochoka, kwa mfano GTX 550 Ti ya mwaka 2011, anaandika upya programu ndogo iliyo ndani yake ili ijiite GTX 1050 Ti. Windows inasoma uongo huo na kuurudia. Kijana anaona jina zuri kwenye kioo na anaamini. Lakini kuko programu ya bure, GPU-Z, ambayo tangu 2018 inatambua nyingi ya kadi hizo za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ni ndogo, inaingia ndani ya kle USB yoyote. Muuzishaji anayekataa iwashwe dukani mwake amekwisha kujibu ulizo.

Pamoja na hayo yote, kadi mbaya si hatari kubwa kuliko zote. Kadi mbaya inakula feza na kukatisha tamaa. Kinachoua mashini nzima ni alimantasio, ile boksi ya chuma inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Hakuna kijana anayeota alimantasio. Haina taa za rangi, haionekani, marafiki hawaisifu. Kwa hiyo inanunuliwa mwisho, na feza zilizobaki.

Hesabu yake si ngumu. Pale kadi inapochomekwa kwenye kadi mama, umeme unaopita hauzidi wati 75. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019, kwa modeli nyingi, zinaishi na wati hizo bila kamba nyingine. Ndiyo sababu zinafaa kwa mashini za ofisi. Radeon RX 580 ni habari nyingine. Inaomba wati 185 hivi, na kamba yake yenyewe. Alimantasio ya OptiPlex 9020 haifiki wati 300 kwa mashini nzima na haina kamba hiyo. Zaidi, plagi yake ya kadi mama ina tundu 8 badala ya 24 zilizozoeleka, kwa hiyo alimantasio ya kawaida haiingii bila adapta. Na bado vijana wanauzishiwa RX 580, kwani ni ya bei nzuri na ina giga 8. Fundi anaitwa. Anakata nyuzi, anaunga, anafunga na skochi. Ao analeta alimantasio mpya iliyoandikwa 500 W, nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Wati 500 hazikai ndani ya kopo tupu. Mkono peke yake unatosha kutia shaka.

Sasa boksi hiyo inachomekwa kwenye umeme wa SNEL. Kila mkaaji anajua unavyokuja. Jioni unashuka hadi taa inakuwa nyekundu kama kaa la makala, kisha unakatika, kisha unarudi kwa kishindo, na jirani anasikika akilia friji yake. Laini inayoleta umeme wa Inga hadi Kolwezi ina kilometa 1700 na inatumika tangu mwaka 1982, na kiu ya migodi haijaiachia nafasi ya kupumua. Alimantasio nzuri inavumilia kupanda na kushuka kwingi, na ikishindwa inazimika peke yake. Ile nyepesi, siku ya kufa kwake, inaweza kuondoka na kadi mama, kadi grafiki na diski.

Hapo wazazi wanaosema « iungue tu, ni mambo ya michezo » wanakosea. Nyumbani kwa watu wengi hakuna mashini mbili. Ileile inayocheza usiku ndiyo inayoshika TFC ya dada anayemaliza mwaka, michoro ya mwanafunzi wa Polytechnique, video za ndoa ambazo kaka anazipanga kwa malipo. Diski ikiungua wiki moja mbele ya kutetea TFC, hakuna anayeuliza tena ni nani alikuwa anacheza mpira.

Sehemu ya lawama ni ya video za mitandaoni. Kijana wa Kampemba anamtazama mtu wa Marekani ao wa Ufaransa anayejenga mashini « ya bei ndogo » ya dola 500. Mtu yule ana umeme usiokatika, na kadi ikiwa mbaya anairudisha kwa posta na kupewa feza zake. Shauri lake ni la kweli kwake. Kuliiga bila kuangalia ukuta wa nyumba yako ni hatari.

Kwa mwenye dola 150, basi, njia inaeleweka. Stabilizateri ya kweli na alimantasio ya kweli zinatangulia. Mwenye OptiPlex asiyepata alimantasio inayolingana abaki na ile ya Dell, ambayo ni imara, na asipite kadi ya wati 75. Memori inafuata: bareti mbili za giga 4 zinapita bareti moja ya giga 8, kwani prosesa inazisoma zote mbili kwa wakati mmoja. Diski ya SSD, hata ndogo, inaondoa kungojea. Kinachobaki kinanunua kadi. Kama kilichobaki kinatosha GT 730 tu, aache. Angojee miezi miwili, acheze PES ya zamani na marafiki, hakuna aliyekufa kwa hilo.

Mwenye mashini nyembamba apime mbele ya kulipa, maana kadi ndefu haiingii, na kuona mtu amefungua kifuniko cha mashini milele ili kadi ipumue nje ni jambo la kusikitisha. Na yule ambaye hajanunua mashini bado, asichukue kizazi cha 4 kwa sababu ya bei tu. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8, na mchezo kama Valorant kwenye Windows 11 unadai TPM 2.0, ambayo mashini hizo za zamani kwa kawaida hazina. Mashini ya kizazi cha 8 ya okazio ni ghali zaidi, lakini memori yake ya DDR4 inaweza kuhamia mashini nyingine kesho. DDR3 itazikwa na mashini yake.

Wauzishaji wana majibu yao, na si yote ya uongo. Wanasema kodi za Kasumbalesa ni nzito, pango la duka linalipwa kwa dola, na mteja mwenyewe ndiye anayeuliza giga ngapi. Kodi ni nzito, kweli. Lakini hakuna kodi inayogeuza DDR3 kuwa GDDR5. Na mteja anauliza giga kwa sababu dukani hakuna aliyemfundisha ulizo lingine. Mji unaosafirisha shaba na kobalti za kutengeneza vifaa vya dunia nzima ungestahili angalau kuuzishiwa vifaa hivyo kwa majina yao ya kweli.

Jambo linaloombwa kwao si kubwa. Leo faktire nyingi zinasema « kadi grafiki 4 GB », na chini yake yale maneno yanayojulikana, kwamba kitu kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Faktire iandike jina lote la kadi, aina ya memori yake, na wati inazoomba. Kadi ichomekwe mbele ya mteja, GPU-Z ifunguliwe, na mchezo uchezwe nusu saa. Muuzishaji anayejua alichonacho hapotezi kitu hapo isipokuwa mafuta kidogo ya jenereta. Akisema hakuna umeme wa kujaribia, mteja amuage kwa heshima na arudi saa umeme utakaporudi, feza zake zikiwa bado mfukoni.