Kwa barabara zetu, haibridi kwanza

Tukizungumzia magari ya haibridi na ya umeme, vumbi husahauliwa. Toyota Prius na Aqua hupoza betri kubwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu lililo jirani na kiti cha nyuma. Huku kwetu Mugango, hapo ndipo watu wanaporundika magunia ya dagaa! Tundu likizibwa au kuziba kwa vumbi, betri huchemka na kufa mapema. Lisafisheni, jamani.

Nissan Leaf za mwanzo, ambazo ni za umeme mtupu, hazina hata feni hiyo ya kupoza betri, na Musoma hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, chaji moja haitoshi. Kutoka Mugango kwenda Musoma mjini na kurudi ingefaa, betri ikiwa bado nzima na umeme wa nyumbani usipokatika. Mimi nachagua haibridi.