Simu ni Karani, Si Tabibu

Miongoni mwa maradhi yaliyoingia majumbani mwetu na kukaa kama mwenyeji ni maradhi ya sukari. Haya hayataki dawa tu, bali yataka hesabu ya kila siku: sukari ilikuwa ngapi asubuhi, kililiwa nini, dawa imemezwa saa ngapi, sindano ya insulini imepigwa kiasi gani. Na hesabu ya kila siku ndiyo aisahauyo mwanadamu upesi.

Hapo ndipo simu za mkononi zinapofaa. Zipo programu zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hii. Mojawapo ni mySugr, iliyotoka mji wa Vienna. Mgonjwa huandika kipimo chake, chakula chake na dawa yake. Simu humkumbusha saa, tena humchorea mstari wa sukari ipandavyo na ishukavyo. Daktari auonapo mstari huo huelewa kwa dakika moja yale ambayo mgonjwa hawezi kumweleza kwa saa nzima.

Lakini, ndugu zetu, twapenda tuseme wazi: simu ni karani, si tabibu. Hujua lile uliloliandika, au lile ililoletewa na kifaa cha kupimia. Mwezi wa Februari 2024 idara ya Marekani isimamiayo chakula na dawa iliwaonya watu kwamba haijaidhinisha saa wala pete yo yote idaiyo kupima sukari yenyewe pasina kutoboa ngozi. Basi msinunue maneno matupu. Wala mtu asibadili kiasi cha dawa kwa kuitazama simu bila ya shauri la daktari wake.

Tena karani akipewa uwongo, huandika uwongo. Twamjua mzee mmoja aliyekula halua arusini, kisha akaandika kipimo cha jana ili wanawe wasimlaumu. Daftari likapendeza, na miguu ikazidi kufa ganzi. Je, alimdanganya nani?

Jambo hili huwa zito zaidi katika Ramadhani. Yampasa mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ajue kama aweza kufunga. Akifunga, apime; kwani kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Kipimo kikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au kikipita 16.7, na afungue papo hapo, hata kama imebaki nusu saa kuadhiniwa Magharibi. Wako waionao namba hiyo wakaifunika simu, wakidhani huo ndio ucha Mungu. Sivyo. Aliyefaradhisha saumu ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa ya kula, na siku alizokula akazilipa apatapo nafuu, na asiyetaraji kupoa akalisha maskini. Kuitupa ruhusa ya Mola na kuiangamiza nafsi si ibada.

Nanyi vijana, ambao simu hazibanduki mikononi mwenu, fungu lenu ni hili: baada ya Isha keti na mzazi wako dakika 5, umwandikie na umsomee. Akikiri kuwa amekula halua, usimkaripie. Iandike, kisha mpime. Mzazi anayeogopa kukaripiwa ndiye afichaye, na maradhi yaliyofichwa hayana karani wala tabibu.