Udongo wa juu si takataka

Mvua ikikolea, bamama wanajipanga kando ya barabara za kutoka Lubumbashi, na beseni zimejaa bowa. Kila jamaa inajua namna ya kuipika na kuikula na bukari. Lakini wachache wanajiuliza: juu ya nini bowa inaota mu pori ya miombo, na haioti hata moja pale karyere ilipita?

Jibu liko chini. Bowa tunayokula ni kama tunda tu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba kupita unywele, zinazotembea mu udongo na kushikana na mizizi ya miti. Muti unazipa sukari. Zenyewe zinauletea maji na fosfori kutoka mbali, pale mizizi haifike. Pamoja nazo kuko bakteria. Zingine zinakaa mu mizizi ya maharage na karanga, zinakamata azoti ya hewa na kuigeuza mbolea. Tumezoea kusema mikrobe ni ugonjwa. Ya ugonjwa iko, ndiyo. Lakini mikrobe ya udongo, mingi yayo ni wafanyakazi, na hawadai mshahara.

Wafanyakazi hao wengi wanakaa mu udongo wa juu, ule mweusi. Na huo njo kitu cha kwanza buldozeri inaondoa. Ukichanganywa na majiwe ya remblai, umepotea. Ukirundikwa miaka mingi mu kilima kirefu, bila mizizi, bila hewa, zile nyuzi zinakufa kidogo kidogo. Kisha, siku ya kufunga karyere, miti inapandwa mbele ya wageni na picha zinapigwa. Kiangazi kikifika, miti inakauka, na watu wanasema udongo wa pale ni mubaya. Udongo wenyewe haukuwa mubaya. Uliuawa.

Tuko na mfano kwetu hapa, Penga Penga. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mu 1911, na upepo ukapeleka moshi wake upande ule miaka na miaka. Pori ikakufa, mvua ikasomba udongo, ardhi ikabakia wazi. Watu wa agronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuifunika tena. Walitia chokaa ili kupunguza ukali wa udongo, wakatia mbolea ya vitu vya kuoza, wakapanda majani ya kwetu, Microchloa altera, yaliyozoea vilima vya shaba. Majani yalishika. Shaba haikutoka, iko pale pale. Lakini penye majani, upepo na mvua havibebe tena udongo kwa urahisi, na mizizi inarudisha chakula kwa wale wafanyakazi wadogo. Njo hivyo dawa inaanza, polepole.

Kuponyesha ni ngumu kupita kuchunga. Sheria ya mines ya 2002, iliyobadilishwa mu 2018, inaamuru kampuni kurekebisha nafasi zilipochimba na kuweka garanti ya feza kwa kazi hiyo. Basi, badelege wa wafanyakazi na wakubwa wa vijiji waulize maswali matatu: Udongo wa juu umewekwa wapi? Utarudishwa lini? Umefunikwa na majani ao uko wazi? Wasingoje siku ya kufunga. Siku ile itakuwa kuchelewa.

Na sisi wachimbaji wa mikono, tusijifiche nyuma ya kampuni. Ukifungua shimo, weka udongo mweusi kando na majiwe kando. Ukihama, majiwe yarudi chini kwanza, udongo mweusi juu. Miti ya kando ya shimo, tusiimalize yote kwa makala: muti ukikufa, bowa yake nayo inakufa.

Neno moja kwa bamama: bowa ya karibu na usine ao na bwawa la takataka za madini, tusiikule wala tusiiuzishe. Inavuta madini kutoka udongoni.

Migodi inafungwa, wazee wetu waliona zingine zikifungwa. Siku ile, jamaa mingi zitarudia jembe, na bamama watarudia beseni. Tufanye sasa ili wakute kitu cha kutia ndani.